Taa Mbili Nilizozilehemu Pasipofaa

Ipo alasiri moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo, na mvi zote hizi, huinamisha kichwa ingawa niko peke yangu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi na mamangu, nimekaa kitako kwenye ukumbi wa nyumba moja ya ghorofa kule Kuze, nyuma ya amplifaya niliyoitengeneza kwa mikono yangu. Sikusimulii kwa kuwa naipenda habari hii. Nakusimulia kwa sababu nyinyi mnaotengeneza amplifaya zenu majumbani mwaja kibandani kwangu kila wiki, na la kwanza mnaloniuliza ni taa. Mzee Kassim, tuongezee taa. Ya buluu, ya kijani, ile inayocheza na muziki. Sijamsikia hata mmoja wenu akiuliza taa yake itaichukua stima mahali gani ndani ya kasha. Na mimi siku zangu sikuuliza, niliambiwa, na nikaliacha nililoambiwa.

Aliyeniambia alikuwa Fundi Omari, aliyenifundisha kazi. Duka lake lilikuwa kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, jembamba kiasi kwamba mteja mnene ilibidi ageuke ubavu aingie. Alikuwa mtu wa maneno machache na miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa na ada moja iliyotuchekesha sisi vijana. Akimaliza kuitengeneza redio, haimtoshi kuisikia ikilia juu ya meza. Huiacha ikilia, akatoka nje, akavuka kichochoro, akasimama upande wa pili na kusikiliza kutoka huko, mikono nyuma, kama mteja asiyejua kitu. Akiridhika ndipo anapoandika jina la mwenyewe juu ya kikaratasi. Mimi niliona anajichosha bure. Mashine ikilia inalia, kuna haja gani ya kuvuka njia?

Amplifaya yangu niliijenga ndani ya debe la biskuti. Usicheke. Debe la bati lilikuwa zuri kwa kazi ile, na hatukuwa na mahali pa kununua makasha. Transfoma niliitoa kwenye televisheni mbovu, kapasita kwenye mashine nyingine, na bodi niliilehemu mwenyewe kwa muda wa mwezi mzima. Na njia ya stima ndani yake ilikuwa ya kawaida, nitakueleza ili unielewe huko mbele. Stima inaingia kwenye transfoma, inapunguzwa nguvu, inanyooshwa, inawekwa akiba kidogo kwenye kapasita, halafu inapita kwenye fyuzi, kile kichupa cha kioo chenye uzi mwembamba ndani. Ikishapita kwenye fyuzi ndipo inaingia kwenye bodi, na huko ndiko sauti ndogo hufanywa kubwa. Uzi ule ukikatika, bodi imekufa, hata kama huku nyuma stima imejaa tele.

Taa za LED zilikuwa zingali ngeni kwetu. Nilipata mbili, nyekundu na kijani, kutoka kwenye kinanda kilichoungua, na nilizitembeza mfukoni siku nyingi nikiwaonyesha wenzangu. Fundi Omari aliponiona nataka kuzitia kwenye debe langu, alinieleza kwa kidole juu ya meza. Ile nyekundu ichukulie kabla ya fyuzi, alisema, ikuambie stima imefika. Ile kijani ichukulie baada ya fyuzi, kule mwisho, kwenye bodi yenyewe, ikuambie mashine i hai. Na kila moja uitilie rezista yake, isije ikaungua. Nikafanya hivyo hivyo.

Lakini ile kijani ikaniudhi. Kwa kuwa ilikuwa mwisho wa njia, na waya nilizotumia zilikuwa nyembamba, sauti nzito ikipiga nayo hufifia kidogo, kisha ikarudi. Ilikuwa inatetemeka. Mimi nilitaka iwe kama za mashine za Kijapani madukani, imetulia tuli. Basi siku moja Fundi Omari alipokwenda mazikoni Likoni, nikaufungua mfuniko, nikaing'oa kijani kwenye bodi na kuilehemu pamoja na nyekundu, kabla ya fyuzi. Zikawaka zote mbili bila kutetemeka, na uso wa debe langu ukapendeza. Nilikuwa na taa mbili, na zote mbili zilikuwa zinasema neno moja. Nikafunga mfuniko na sikumwambia mtu.

Sasa nikujulishe na Maalim Swaleh. Nusu ya watu wazima wa Kuze walisoma Kurani chuoni kwake, na mimi ni mmoja wao, mgongo wangu waujua mkwaju wake. Uzeeni alipata maradhi ya koo, akapasuliwa, na sauti yake ambayo zamani ilikuwa ikisikika mpaka barabarani ikabaki mnong'ono. Mwaka huo alijaaliwa safari ya Hija. Na ada yetu waijua, mwenye kwenda Hija huwakusanya jamaa na majirani, akawataka radhi mmoja mmoja na wote pamoja, kwa kuwa hajui kama atarudi, na hataki kufika kule na dhuluma ya mtu shingoni.

Maalim alikuja mwenyewe dukani kuomba kipaza sauti. Alikaa juu ya kigoda, akapumzika, halafu akatueleza mimi na Fundi Omari kwa nini anakitaka. Alikuwa na dada yake, Bi Mwanasha, mkubwa kwake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Walikuwa hawasemezani kwa miaka saba, na nyumba zao zimeachana milango minne. Mtoto wa kike wa Bi Mwanasha aliposwa na kijana wa bara aliyekuwa akifanya kazi bandarini, kijana mpole, aliyesilimu. Siku ya posa, mbele za wageni, Maalim akasimama akasema kwamba hakumsomesha mpwa wake ili aje apewe mtu wa kuja, mtu wa kuya kwa kisemo chetu. Yule binti akaolewa na kijana wake vivyo hivyo, wakazaa, wakaishi vizuri. Lakini neno lile Bi Mwanasha hakulimeza. Aliufunga mlango wake kwa ndugu yake tangu siku hiyo.

Fundi Omari akamuuliza kwa adabu, kwa nini asiende kwake tu akabisha hodi. Maalim akatikisa kichwa. "Neno nililitoa mbele za watu," akasema kwa kile kisauti chake. "Kulirudisha chumbani, watu wawili, siyo kulirudisha. Nataka nilirudishe pale nilipolitoa." Majirani walikuwa wamemsihi Bi Mwanasha siku nyingi, na hatimaye alikubali kuja kwenye mkusanyiko. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka saba kuvuka kizingiti cha nyumba ya ndugu yake. Angekaa ghorofani na wanawake wenzake, na sauti ya ndugu yake ilihitaji kupanda huko. Kazi hiyo, Maalim akanigeukia, angependa aifanye mwanafunzi wake.

Waona, mwanangu? Nilijua. Sikuwa fundi aliyeitwa tu kufunga waya asijue kinachopita ndani yake.

Siku ilipofika nilikwenda mapema. Wanaume walikaa chini ukumbini, kwenye mikeka, na Maalim akawekewa takia karibu na ukuta. Chini sikuweka spika, kwa sababu spika ikikaribiana na kipaza sauti hupiga mluzi wa kuumiza masikio, na wanaume walikuwa karibu naye, wangemsikia. Spika niliipandisha juu kwa wanawake, waya ukapita ngazini. Nikajaribu, moja mbili tatu, na mke wa Maalim akajibu kutoka juu kwamba yasikika vizuri. Vijana wakasoma Kurani, dua ikaombwa, yote yalifika juu. Taa zangu mbili zilikuwa zinawaka, na watu wakawa wanaziangalia na kunong'onezana, na mimi nikawa najifanya siwaoni.

Ikafika zamu ya Maalim. Sauti yake ilikuwa ndogo mno, basi nikakizungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Nikasikia mshindo mdogo huko juu, "pu", nikadhani ni yeye aliyekigusa kipaza sauti kwa ndevu zake. Taa zilikuwa zinawaka. Akaanza kuwataka radhi majirani wote, polepole, akipumzika kila baada ya maneno matatu. Hakufika mbali, mlango wa ngazi ukafunguka kidogo na sauti ya mke wake ikasema, "Huku yuu hatusikii kitu."

Wanaume wote wakanigeukia. Mimi nikaziangalia taa zangu. Ningeweza kusema ngoja, ningeweza kumwomba asogee nikapanda mpaka mlangoni nikatega sikio. Ngazi zenyewe zilikuwa kumi na nne tu. Badala yake nikasema, kwa sauti ya mtu mjuzi, "Yasikika, mama, taa zawaka. Waambieni wanawake wanyamaze watasikia." Wanaume wachache wakacheka. Mlango ukafungwa. Neno hilo, mwanangu, limekuwa likinirudia masikioni kwa miaka mingi kuliko uliyoishi wewe, na kila likirudi nahisi uso unanichoma. Mke wa mwalimu wangu ndiye aliyekuwa na ukweli, na mimi nilimcheza shere mbele za watu.

Maalim akaendelea. Na maneno aliyosema nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake, kwa hiyo nayajua yote.

"Dada yangu Mwanasha," akasema. "Siku ya posa ya mwanao nilitoa neno mbele za watu, na leo nalirudisha mbele za watu. Nilikosa. Nilimwita mkweo mtu wa kuya. Yeye ni mtu kunishinda mimi, na wewe ndiwe uliyenilea, nami nikakuvunjia uso. Kesho kutwa nasafiri. Ukiwa u radhi nami, gonga sakafu, nisikie."

Nyumba zile zina sakafu za boriti, waigonga kwa kidole ikasikika chini. Watu wote wakainua macho darini. Maalim naye aliinua kichwa, mdomo wazi kidogo, kama mtoto. Tukasikia vikombe. Vikombe na visahani, mwanangu, na mazungumzo ya chini kwa chini, kwa sababu wanawake huko juu waliona spika imenyamaza wakadhani shughuli imekwisha, wakaanza kumiminiana kahawa. Maalim alingoja. Kisha akainamisha kichwa, akasema, "Basi," akarudisha kipaza sauti kwangu.

Watu walipoanza kutawanyika nikaizima amplifaya. Na hapo ndipo nilipojua. Sikiliza vizuri, maana hili ndilo la ufundi. Mashine yenye fyuzi nzima ukiizima, bodi huinywa ile akiba iliyobaki kwenye kapasita mara moja, na taa huzimika papo hapo. Lakini fyuzi ikiwa imekatika, bodi haipo njiani, hakuna anayeinywa akiba ile isipokuwa taa zenyewe, nazo hunywa kidogo kidogo. Siku ile nilibonyeza swichi, na taa zangu hazikuzimika. Zilififia polepole, polepole, huku nikiziangalia. Nilihesabu moyoni hadi ishirini na zilikuwa bado zinaonekana. Fyuzi ilikuwa imekwenda tangu nilipokizungusha kile kitufe, na maneno yote ya Maalim yalikuwa yameishia ndani ya debe la biskuti.

Wakati huo Maalim alikuwa anainuka, ameshika bega langu ili asimame. Akaniinamia sikioni. "Babangu," akaniuliza, "yuu wamesikia?"

Bi Mwanasha alikuwa angali ndani ya nyumba ile. Ningesema hapana, fyuzi imekatika, nipe dakika tano, na mambo yote yangekwisha pale pale, tena huenda kwa kicheko. Lakini ukumbi ulikuwa una watu, na taa zangu walizisifu, na mimi dakika chache kabla nilimkejeli mke wake. Nikamjibu, "Wamesikia, Maalim."

Akanipigapiga begani, akanishukuru kwa kazi nzuri.

Nilirudi nyumbani kabla ya magharibi, nikafungua mfuniko, nikaiona fyuzi imekuwa nyeusi ndani. Nikaitoa, nikatia nyingine, na mashine ikalia. Ile iliyoungua niliifunga kwenye kitambaa nikaitia ndani ya sanduku langu la nguo. Sijui kwa nini sikuitupa. Labda nilijua nitakuja kuulizwa.

Maalim akaenda Hija na akarudi. Mtaa mzima ukaenda kumpokea, wakamsalimia, wakapewa maji ya zamzam na tende. Bi Mwanasha hakutoka kwake. Na wewe utasema, je, mji mdogo kama ule, habari ikafichikana vipi? Haikufichikana, ilipinda. Wanawake walisema hawakusikia. Waume zao wakasema mashine ilikuwa inafanya kazi, taa zilionekana, na fundi mwenyewe alisema yasikika, nyinyi mlikuwa mnapiga soga. Watu wakamwendea Bi Mwanasha kumweleza kwamba ndugu yake alimtaka radhi, naye akakataa hata kuwaacha wamalize. Alisema ndugu yake tusi alilitoa kwa sauti ya kusikika barabara nzima, na radhi akaitaka kwa mnong'ono makusudi, ili watu wa chini wamwone muungwana na yeye wa juu asisikie. Maalim naye aliamini kwamba dada yake alisikia kila neno na akamnyima, ndivyo alivyowaambia watu, hata kugonga sakafu. Aliamini hivyo kwa sababu mimi nilimwambia.

Miezi kumi, mwanangu. Kila siku nilipita kwenye milango ile miwili. Nilikuwa nikijiambia nitasema Ijumaa, baada ya sala, na Ijumaa ikifika napata udhuru. Nilijiambia nikisema nitaliharibia jina duka la Fundi Omari, kumbe jina nililokuwa nikilihofia ni langu. Na jambo linaloniaibisha kuliko yote ni kwamba sifa zilizidi. Watu walikuja kuomba debe la Kassim lenye taa, kwa maulidi, kwa harusi, nami nililipeleka. Taa nilikuwa nimeziacha pale pale. Kuzihamisha ilikuwa kazi ya robo saa, lakini nikikishika chuma cha kulehemia nakirudisha mezani, kwa kuwa ningeona nakiri.

Maalim Swaleh akafariki asubuhi moja baada ya mfungo kumalizika. Tulimzika siku ile ile. Siku ya pili yake wakaja watu wawili dukani kutuomba ile amplifaya kwa ajili ya hitima, wakasema inafaa iwe ile ile aliyoipenda marehemu. Nikaenda nyuma ya duka, nikakaa juu ya sanduku la vyuma, nikalia kama sijalia tangu utoto. Fundi Omari akawaambia wale watu watangulie. Halafu akaja, akakaa kando yangu, na nikamweleza yote.

Hakunikemea. Aliliweka debe juu ya meza, akafungua mfuniko, akaifuata waya ya taa ya kijani kwa ncha ya bisibisi mpaka ilipoishia. "Taa hini yakwambia stima imefika," akasema. "Sauti haina habari nayo. Ukitaka kuyua sauti imefika, wenda kule inakokwenda, ukasikilize." Nikamwomba anisindikize kwa Bi Mwanasha, au aende yeye kwa niaba yangu, maana yeye ni mtu mzima na anaheshimika. Akaifunga miwani yake kwenye kitambaa. "Mara ya kwanza ulituma mashine," akaniambia. "Sasa wataka kunituma mimi. Wenda mwenyewe, Kassim. Na fyuzi ile uichukue."

Nilikwenda alasiri. Bi Mwanasha alikuwa juu chumbani kwake, kwenye busati, amevaa nguo za msiba. Kwa mtu aliyesema hana haja na ndugu yake, macho yake yalikuwa yamevimba. Nilimuamkia, nikambusu mkono, nikakaa chini mbali kidogo, nikaifungua ile fyuzi na kuiweka juu ya busati mbele yake. Nikamweleza. Sikuweza kumtazama usoni, nilikuwa nikiongea na magoti yangu. Nilimweleza juu ya fyuzi, juu ya taa, juu ya swali la Maalim na jibu nililompa.

Bi Mwanasha aliichukua ile fyuzi, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kitu kidogo kama njugu. Nilitarajia anifukuze au anilaani. Aliuliza swali moja tu.

"Uliyua lini?"

Ndivyo tusemavyo sisi, uliyua, na sijawahi kulisikia neno zito kama hilo. Ningeweza kusema nimejua jana, nimefungua mashine nikaona. Fyuzi haina tarehe. Nikasema, "Siku ile ile, Bi. Na wewe ungali hujavaa buibui lako kuondoka."

Akafumba macho. Akahesabu kwa midomo, bila sauti, nadhani alikuwa akihesabu miezi. "Milango mine," akasema. "Ningetambaa." Hakuniangalia. Kisha akaniambia, "Sema alivyosema. Usipunguze wala usiongeze."

Nikasema. Nilianza kwa Dada yangu Mwanasha. Nikasema yote, neno la posa, mtu wa kuya, yeye ni mtu kunishinda mimi, wewe ndiwe uliyenilea. Machozi yake yalikuwa yanatiririka na hakuyafuta. Nikafika pale mwisho: Ukiwa u radhi nami, gonga sakafu, nisikie.

Bi Mwanasha akaukunja mkono wake, akainama kwenye ncha ya busati ambapo mbao zilikuwa tupu, na akagonga. Mara tatu, kwa nguvu za mtu mzima. Chini hapakuwa na mtu. Tulikaa tukausikiliza mlio ule mpaka ukaisha, na hakuna aliyejibu.

Alinisamehe, mwanangu, kabla sijaondoka, alisema yu radhi nami, na moyo wake mweupe. Mimi ndiye nisiyeweza kuusafisha wangu. Marehemu sikumtaka radhi akiwa hai, na kwenye kaburi lake nimesema mara nyingi, lakini huko nako sina namna ya kujua kama nasikika.

Basi nasaha yangu ni hii, na sitaizungusha. Ukitia taa kwenye mashine yako, iunge mwisho wa njia, baada ya fyuzi, kwenye bodi yenyewe, na ikitetemeka iache itetemeke, kwa kuwa inakwambia kweli. Usiihamishe ili ikupendezeshe. Na hata ukiiunga vizuri, usiiamini peke yake. Inuka, vuka kichochoro, panda ngazi, ukasikilize pale anapokaa yule anayengoja sauti. Mtu wa upande wa pili akikuambia hasikii, hasa akiwa mama wa watu aliyesimama nyuma ya mlango, usimwonyeshe taa. Yeye ndiye anayejua. Na ukigundua umekosa, sema saa ile ile, mbele ya wale wale, uso ukikuwaka vivyo hivyo. Aibu ya siku hiyo utaipitisha jioni moja. Niliyoibeba mimi imezeeka pamoja nami.

Leteni amplifaya zenu, nitawafungia taa, hata hizo za kucheza. Lakini spika tutaipeleka ng'ambo ya njia, na mtasimama huko pamoja nami, mikono nyuma.

Mola akupe masikio ya kusikia kabla ya macho ya kupendeza watu, akupe ulimi mwepesi wa kusema nimekosa, na kila unayehitaji radhi yake akujaalie umkute nyumbani, mlango wazi, angali hai.